Kibao cha Mkwajuni

Somoe, mama yangu,

Ukifungua barua hii basi litakuwa limeshatoka stendi, mjomba wako atakuwa amekwisha gombana na makondakta kuhusu begi lako, na wewe utakuwa umenuna dirishani kwa sababu baba yako hakuja kukuaga. Alfajiri nitakwambia kwamba sipendi kuagana stendi, kelele zinaniumiza kichwa. Huo ni uongo, na nauandika hapa kabla hata sijausema. Sababu yenyewe iko mwisho wa barua. Nakujua, utataka kuruka kurasa. Usiruke.

Saa hizi ni alasiri. Umekwenda Likombe kumuaga shangazi yako, na nyumba imeshaanza kunyamaza kama vile umeondoka jana. Begi lako liko karibu na mlango. Nimelipita mara nne nikienda jikoni, ambako sina kazi yoyote. Mchana nilisonga ugali wa watu wawili, ndipo nikakumbuka kwamba unakula huko kwa shangazi. Nikaula wote kwa hasira. Nasema wazi, mwanangu, naogopa upweke. Tangu mama yako afariki tumekuwa wawili, ukipika wewe naosha vyombo mimi, na sijawahi kujiuliza itakuwaje siku nitakayoosha sahani moja.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji na ya kuangalia oili kila asubuhi sitayaandika. Oili unaiangalia kuliko mimi. Nataka kukuandikia habari za faini.

Cheka tu. Binti anaondoka nyumbani kwenda Tunduru kuendesha gari la wagonjwa, na baba anamwandikia habari za trafiki. Lakini tangu Jumanne sijalala vizuri. Jumanne ndiyo siku uliyoniendesha kwenye Noah ya mjomba wako, tukashuka ule mteremko wa kuingia Mikindani, na kijana wa trafiki akatokeza na tochi yake ya kupimia mwendo. Sitini na saba kwenye hamsini. Ulishusha kioo, ukamsalimia vizuri, kisha ukasema, "Afande, kibao hakionekani, kimefunikwa na matawi. Twende tukakiangalie pamoja."

Hayo ya mwisho yalikuwa maneno yangu. Neno kwa neno, hata ile sauti ya upole yenye kiburi ndani yake. Kijana wa watu akacheka, akageuka, akakuonyesha kibao kwa kidole. Kilikuwa cheupe kabisa, hata jani moja hakikuwa nalo. Akakuandikia faini yake, ukaipokea kwa ncha za vidole.

Nyumbani ukavua viatu kwa kuvirusha. "Baba, wewe walikufutia, mimi wamenionea." Halafu ukacheka, ukasema, "Haidhuru. Nikifika Tunduru naendesha gari la wagonjwa. Hakuna tochi itakayonisimamisha."

Nilikuwa nakunywa chai. Niliiacha.

Ile hadithi ya kufutiwa faini umeisikia tangu una meno ya utoto. Nimeisimulia stendi, msibani, harusini, hata kwa daktari wa macho. Naomba uniruhusu niisimulie mara ya mwisho, kwa sababu nusu yake hujaisikia.

Ulikuwa darasa la tatu. Nilikuwa dereva wa pikapu ya duka lile la Mikindani, la wale Wahindi waliokuwa wanakupa pipi kila Idi. Kazi yangu ilikuwa kwenda Lindi na kurudi, unga, sabuni, mafuta ya kula. Pale Mkwajuni, kile kijiji cha mbele ya Mikindani, nikasimamishwa na Afande Neema. Alikuwa mgeni kwetu huku, ametoka kwao kanda ya ziwa, mwanamke mrefu, hapandishi sauti. Sitini na tatu. Nikamwambia hapa hapana kibao. Akasema kipo. Nikasema twende tukakiangalie pamoja.

Madereva wote hubishana, hilo nalo halikuwa jipya. Jipya ni kwamba alikubali. Alipanda pikapu tukarudi nyuma mpaka mwanzo wa kijiji. Kibao hakikuwepo. Kilikuwepo kishimo cha nguzo na kifusi kidogo cha zege. Watu wa chuma chakavu walikuwa wameshakibeba. Afande Neema akatazama kile kishimo muda mrefu, akasema, "Ni kweli, kaka. Siwezi kukutoza kwa kitu ambacho hukuonyeshwa." Akaifuta.

Mpaka hapo unaijua. Hapo ndipo huwa napiga meza na watu wanacheka.

Sasa nusu ya pili. Baada ya kuifuta aliniambia hivi: "Naandika barua kwa watu wa barabara kibao kirudishwe. Nikiandika peke yangu watasema ni polisi wanatafuta pa kukamatia watu. Ukiweka na wewe sahihi, dereva mwenyewe uliyelalamika, watakuja haraka. Pitia kituoni kesho, itakuwa tayari." Nikamwambia nitapita, inshallah.

Sikupita. Kesho yake nilikuwa stendi nasimulia. Kesho kutwa pia. Siku moja nilipita mbele ya kituo kabisa, nikaona foleni, nikajiambia wiki ijayo. Faini yangu ilishafutwa, kibao kilikuwa na faida gani kwangu? Kwa kweli, mwanangu, kukosekana kwake ndiko kulikuwa na faida. Madereva wenzangu walinipa jina, wakaniita Wakili. Tukawa tunaijua Mkwajuni kama sehemu pekee kati ya Mikindani na Lindi ambayo mtu anaweza kunyoosha mguu na hakuna wa kumgusa.

Wiki tano baadaye nilitoka Mikindani asubuhi, pikapu tupu. Karibu na Mkwajuni nikakutana na basi la rafiki yangu linatoka Lindi, akanipigia taa, akatoa mkono dirishani na kuupunga. Unaijua ile alama, mimi ndiye niliyekufundisha: njia nyeupe, hakuna trafiki. Nikakanyaga. Niliangalia mshale wa mwendo, ndiyo maana siwezi kujidanganya. Ulikuwa umepita tisini.

Mzee Mfaume alikuwa anavuka, anasukuma baiskeli yenye gunia la mihogo.

Umekuwa ukiwaambia watu kwamba babu yako Mfaume, kama unavyomwita, aliingia barabarani ghafla, kwamba baba yako hakuwa na kosa, na bado kwa huruma yake anakwenda kila mwaka kumpulizia mikorosho dawa ya salfa. Nimekusikia ukimwambia hivyo rafiki yako pale barazani, kwa sauti ya kujivuna na baba, na mimi nikiwa ndani nimeshika nguo nimeshindwa kuivaa. Hakuingia ghafla. Alikuwa amefika katikati ya njia. Mtu anayekuja na hamsini angesimama na kumsalimia.

Afande Neema ndiye aliyekuja. Mzee alikuwa ameshapakiwa kwenye gari la mtu kupelekwa hospitali, mihogo imetapakaa lami nzima, wanawake wa kijiji wanaiokota kimya kimya na kuirudisha kwenye gunia. Nilimwona afande akishuka, nikamwendea mbio. Unajua maneno yangu ya kwanza kwake yalikuwa nini? Sikusema yule mzee anaendeleaje. Sikusema nimeumiza mtu. Nilisema, "Afande, hapa hapana kibao."

Akaniangalia. Akasema, "Najua. Wanaojua ni mimi na wewe."

Ndiyo maneno yote aliyonipa. Somoe, nimeyageuza maneno yale kwa miaka. Dereva mgeni wa njia angeweza kupita Mkwajuni na tisini, na mtu akamhurumia. Hakuonyeshwa. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kile kishimo. Wenzangu walisikia kwangu tu. Barabara nzima ile, dereva aliyekuwa anajua kwa hakika kwamba pale panatakiwa mwendo mdogo, mpaka akapeleka polisi kushuhudia, alikuwa mmoja.

Aliniuliza mwendo wangu, nikasema hamsini. Akatembea kando ya alama za matairi, akahesabu hatua, akaandika. Siku hiyo tochi haikuwepo. Na kule hospitali Mzee Mfaume, wakiwa bado hawajamkata mguu, alimwambia afande kwamba yeye mwenyewe alivuka bila kuangalia. Mpaka leo sijui aliusema uongo ule kwa maumivu au kwa utu. Nilipomuuliza mwaka uliofuata alinijibu kwa Kiswahili chake cha Kimakonde: "Ungefungwa wewe, nani angenipulizia nkorosho wangu? Mie nina mguu mmoja, wewe unayo miwili na bomba. Ntu hali maneno." Kisha akaniamuru nianze na ule mstari wa nyuma.

Basi si huruma, mama yangu. Nilichukuliwa kazi.

Kesi ikaisha hivyo, hapakuwa na kesi. Mama yako alinisubiri nilale, nikashindwa kulala, ndipo nikamwambia yote. Hakunifokea. Kwa muda wote ambao mzee alikuwa wodini alimpelekea uji na samaki kila siku, na kila siku alitaka niubebe mimi ule mfuko. Tangu afariki sijawa na mtu wa kumwambia habari hii. Ndio upweke wangu mwingine, ule ambao hauhusiani na sahani.

Nilifanya jambo moja ambalo hata mama yako alilicheka kidogo. Nilikwenda kituoni na hela ya ile faini mfukoni. Nikamwambia Afande Neema naomba kulipa. Akaniuliza faini ipi. Nikasema ile ya sitini na tatu. Akasema, "Kaka, ile ilifutwa. Haipo. Mfumo haupokei kitu ambacho hakipo." Nikamwambia basi niandikie nyingine. Akasema, "Ya kosa gani? Ulisema ulikuwa na hamsini." Nikatoka na hela yangu. Mtu anaweza kuzunguka mji mzima anatafuta wa kumtoza, akamkosa.

Siku hiyo, kabla sijatoka, niliomba ile barua ya watu wa barabara niweke sahihi. Ilikuwa bado ipo mezani, imechukua vumbi. Kibao kilirudi baada ya wiki mbili.

Sasa usije ukanielewa vibaya ukafika Tunduru ukadhani baba yako amekuwa msemaji wa trafiki. Faini nyingine ni za uonevu, na nitasema hivyo mpaka naingia kaburini. Anayelala kwenye Fuso la mkopo na mwenye gari la kifahari wanaandikiwa kiasi kilekile, huyu wa kifahari ananunua vocha kidogo wiki hiyo, yule wa Fuso nyumbani kwake hawapiki. Hilo halijawahi kuniingia akilini. Wala sipendi mtu mzima kujificha kwenye mikorosho na tochi kama anawinda ngedere. Jumanne ungekuwa na haki, ningekaa na wewe pale mpaka magharibi. Ukiwa na haki bishana, tena kwa adabu, na ufike mpaka mwisho wake. Nami sijutii kufutiwa ile faini. Ilikuwa ya kufutwa.

Ninachojutia ni kwamba nilitaka ifutwe, sikutaka kibao kirudi. Nilikuwa sahihi, na nikautumia usahihi wangu kama leseni ya kumgonga mtu.

Na miaka yote kabla ya hapo niliendesha kwa hofu ya tochi tu. Ujanani nilikuwa nakunja noti ndani ya leseni, mpaka siku afande mmoja akanirudishia noti na kubaki na leseni, nikatembea kwa miguu kutoka Mnazi Mmoja, ile ya njia panda ya Lindi. Hata hapo nilichojifunza ni kupunguza nikipigiwa taa na kukanyaga nikipungiwa mkono. Nilikuwa nasoma mikono ya madereva badala ya kusoma njia. Na hicho ndicho nilichokufundisha wewe, hata baada ya Mzee Mfaume, ukiwa na miaka kumi na nane, umekaa kwenye mto ili uone mbele, nami nakupigia makofi.

Ndiyo maana Jumanne iliniuma. Gari unalokwenda kuendesha hakuna atakayelisimamisha. Ukiwasha king'ora, trafiki mwenyewe atakufungulia njia. Nyuma yako atakuwepo mama mwenye uchungu au mtoto mwenye homa, na utakuwa na haki ya kukimbia, tena haki iliyoandikwa. Utakuwa sahihi kila siku. Mimi nilikuwa sahihi mara moja tu, na unaona nilichofanya. Katika njia za Tunduru kuna wazee wanasukuma baiskeli, na wao hawajui ndani ya gari kuna nani. Sijui nikushauri nini zaidi. Kimbia panapotaka kukimbia, lakini ujue mwenyewe unakwenda na ngapi, na akitokea mtu akakuuliza, mtajie namba ya kweli.

Ile faini ya Jumanne ilipe, usimtupie mjomba wako. Hiyo ilikuwa yako. Sisemi zaidi.

Jana nilimpigia simu Mzee Mfaume kumwomba ruhusa ya kukuandikia haya. Nilidhani atanizuia. Akasema, "Kumbe n'toto hajui? Mie nilidhani ulishamwambia zamani. Miaka yote hii mkija kupulizia ananibebea maji, nadhani anajua." Akaniuliza kama bado napenda mihogo ya kuchoma.

Sijui utaniangaliaje ukirudi likizo. Hili ndilo nililoliogopa kuliko huo upweke. Mtu anayebaki peke yake nyumbani anatamani angalau kule mwanawe aliko awe anasemwa vizuri, na mimi nimechukua kalamu nimejiharibia mwenyewe. Lakini nilipofikiri kwamba utawasha king'ora kile ukiwa na hadithi yangu ya nusu kichwani, nikaona bora unipunguzie heshima.

Kama umesoma kwa mwendo wako wa kawaida, basi sasa hivi mmeshaiacha Mikindani, bahari iko nyuma yenu. Tazama nje. Ndiyo maana nilimng'ang'ania mjomba wako akukatie siti ya dirishani, upande wa kushoto.

Sikuja stendi kwa sababu niko Mkwajuni. Nimepanda bodaboda baada ya sala ya alfajiri. Nimekuja na panga, nimekata matawi yaliyoanza kukifunika kibao, maana mvua za mwaka huu zimeyaharakisha, na Mzee Mfaume amekubali kuamka mapema ili aje kusimama na mimi. Amesema anataka kukupungia na gongo lake la kutembelea. Tuko chini ya kibao, mimi na yeye.

Kimeandikwa hamsini. Dereva wako akikiheshimu utatuona vizuri, shati langu la buluu ulilonipigia pasi jana, kofia ya babu yako Mfaume, na nikiwa nalia utaliona hilo pia. Akipita na tisini utaona watu wawili wamesimama kando ya njia, basi, na hutajua yupi alikuwa baba yako.

Mimi niliyekuzaa na kukufundisha vibaya,
Baba yako, Issa